Gerezani, kwa Mwalimu Asiye na Muhuri

Kabla hatujapanda basi pale Ubungo, binti alinionyesha madaftari mawili. Moja lilikuwa la chuo, la jalada gumu, kila ukurasa una kisanduku chini kwa ajili ya saini na muhuri. La pili lilikuwa kaunta buku la kawaida, limevimba, pembe zake zimelowa oili hadi zimekuwa nyeusi. Nikafungua la chuo. Jumatatu, kupanga mafaili stoo. Jumanne, kupanga mafaili stoo. Jumatano, kumsaidia katibu muhtasi kuchapa barua. Alhamisi, kupanga mafaili. Kila siku imesainiwa na kugongwa muhuri wa zambarau. Wiki tano zimejaa hivyo.

“Hilo ndilo litakalosahihishwa, mjomba,” akaniambia. “Lakini niliyojifunza yako kwenye hili jingine.”

Ni binti wa jirani yangu, anasoma uhandisi mitambo, mwaka wa pili. Chuo chake sikitaji, wala kampuni iliyompokea kwa mafunzo ya vitendo, ambayo wanafunzi wote huyaita PT, kwa sababu niliyoyasoma katika daftari lile nimeyasikia kwa wanafunzi wa vyuo vingi waliopelekwa kampuni nyingi. Saa saba mchana kampuni humruhusu aondoke kwa kuwa hakuna la kumpa. Badala ya kurudi hosteli, huenda Gerezani, mtaa wa karakana za mafundi jirani na Kariakoo. Jumamosi huenda tangu asubuhi, na Jumamosi hii nilimwomba tufuatane.

Mwendokasi ukaondoka Ubungo. Barabara hii ya Morogoro ina historia yake kwa anayefuatilia ufundi wa nchi hii. Hapo Ubungo ndipo kilipokuwa kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kilichotengeneza majembe. Mbele kidogo ni Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Kitivo cha Uhandisi kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kilizaliwa jirani na viwanda vya namna hiyo. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. PT nayo ikapangwa kwa mantiki ambayo mpaka leo naiheshimu: mwanafunzi atumwe kazini wiki nane, mara tatu katika masomo yake. Mara ya kwanza akae kama fundi mchundo, ashike tupa na nyundo. Mara ya pili akae kama fundi sanifu. Mara ya tatu ndipo aonje kazi ya mhandisi. Aliyepanga hivyo alitaka mhandisi ajue uzito wa nyundo kabla hajamwamuru mwenzake ainyanyue.

Kisha viwanda vikayumba. Vingine vilifungwa, vingine vikabinafsishwa, vingine vikageuka maghala ya bidhaa za nje. Wanafunzi wa uhandisi wakaongezeka mwaka hadi mwaka, na mahali pa kuwapeleka pakapungua. Basi lilipopita Urafiki nilimwona binti amegeukia dirishani, anatazama majengo yale marefu. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Tulishuka kituo cha mwisho. Ukiacha msongamano wa Kariakoo nyuma yako na kufuata maduka ya vipuri, harufu inabadilika: chuma kilichoungua, rangi ya kupuliza, dizeli. Vijana wanasukuma mikokoteni ya mabati, mwingine amejitwika ngazi nzima ya chuma kichwani. Karakana tuliyoiendea haina ukuta wa mbele. Ina bati juu, sakafu ya udongo uliochanganyika na vumbi la chuma hadi ukawa mgumu kama saruji, jiliwa mbili kwenye meza nzito ya mbao, mashine ya kuchomelea, fuawe iliyokatwa kutoka kipande cha reli, na mashine ya kukereza ambayo jina la mtengenezaji wake limefutika kwa kushikwashikwa.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwanangu. Leo umekuja na mzee wako?”

Fundi ni mtu wa miaka kama sitini, mwembamba, ana kidole gumba cha kushoto kisicho na ukucha. Aliingia Gerezani akiwa saidia fundi wa miaka kumi na minne, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Kiti alinipa ndoo iliyopinduliwa. Kisha akanisahau, nami nilifurahi kusahauliwa, kwa sababu nilikuja kuona.

Kazi ya siku ile ilikuwa mashine ya kupukuchua mahindi. Mteja wake yuko Kilosa na anaitaka kabla ya mavuno. Mchoro ulikuwa wa binti. Aliuchora jioni tatu hosteli, kwa penseli, ukabandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi: ngoma yenye meno, wavu chini yake, shafti inayopita katikati, beringi kila upande, puli na mkanda wa mota. Ulikuwa mchoro safi, na mwalimu yeyote angeupa alama nzuri.

Fundi akatoa chini ya meza vipande viwili vya nondo nene, unene sawa, urefu sawa, kutu sawa.

“Kipi cha shafti?”

Binti akavigeuza, akavipima uzito mkononi. “Kwa macho sijui, fundi.”

“Nani anajua?”

“Grainda.”

Nilitambua kwamba swali hilo wameshaulizana siku nyingine. Akavaa miwani, akafunga kipande cha kwanza kwenye jiliwa, akawasha grainda na kuigusisha. Cheche zikatoka ndefu, zimenyooka kama mabua ya mtama, chache zikigawanyika mwishoni. Akafunga cha pili. Hapo cheche zikatoka fupi na nyingi, na kila moja ikipasuka angani kuwa vinyota, vinyota juu ya vinyota, mpaka pembe ile ya karakana ikawaka.

“Hiki cha pili kina kaboni zaidi,” akasema. “Kilikuwa ekseli ya gari.”

Mwaka jana, akiwa darasani, alichora mchoro wa awamu za chuma na kaboni kwenye mtihani, na asilimia zake zote, akapata alama kamili. Anaujua mchoro ule kwa moyo. Hapa ndipo alipoiona kaboni ikiruka. Kwenye kaunta buku lake nilikuta amechora cheche za aina nne, ubavuni ameandika kila moja ni ya chuma gani na fundi aliitoa kwenye nini: ekseli, springi ya lori, nondo ya ujenzi, kizibo cha bloku ya injini.

Mambo hayakuishia kwenye cheche. Fundi aliuendea mchoro ukutani, akaweka kidole pale sahani za ngoma zilipoandikwa zichomelewe kwenye shafti. “Umechagua ekseli. Sasa hapa utachomelea?” Binti akanyamaza kidogo. Chuma chenye kaboni nyingi ukikichomelea ovyo hupasuka kando ya mshono kikipoa, tena ufa wenyewe hauonekani mpaka mashine ianze kubeba mzigo. Akachukua kifutio. Kuchomelea kukafutwa, pakawekwa kii na bolti. Kwa kuwa pameongezeka kii, shafti ikahitaji mfereji, na mfereji ukadai sehemu ile iwe nene zaidi. Kipande kimoja cha chuma kuukuu kilibadilisha mistari saba ya mchoro. Hilo darasani hulipati kirahisi, kwa kuwa darasani chuma huja kimeshaandikwa jina na namba.

Nikiwa juu ya ndoo yangu niliwakumbuka wazee wa Buhaya. Miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao wajenge tena tanuri, miongo mingi baada ya kazi hiyo kufa kwa kushindwa na chuma cha kununua. Wakalijenga. Wakachoma matete ya bwawani katika shimo la chini, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani ya tanuri, wakashika mivukuto. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ile iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na kwamba ustadi huo magharibi mwa Ziwa Victoria una umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Hakuna mzee aliyetoa mchoro. Waliokuwa nao ni watu waliowahi kuvukuta, na waliovukuta walikuwa wamebaki wachache. Wangechelewa kuulizwa miaka ishirini zaidi, tungebaki na mashimo na takataka za chuma ardhini.

Saa nne hivi shafti ilifungwa kwenye mashine ya kukereza. Beringi walizonunua ni za namba 6206. “Unapewa namba tu, kibandiko kimefutika, tundu lake ni ngapi?” fundi akamuuliza mmoja wa vijana wake wawili, si binti. Kijana akajibu haraka: “Mbili za mwisho zidisha tano. Sita mara tano, thelathini.” Ni milimita 30, na ndivyo ilivyo duniani kote kwa beringi za mfuatano huo.

Hapa inanipasa niseme habari yangu. Mimi pia nilisoma ufundi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kinu kimoja cha kusaga nafaka. Shafti ilipovunjika niliagiza mpya. Tundu la beringi ni 30, nami nikaandika 30, basi. Mchongaji aliifuata karatasi yangu, akaipunguza kidogo ili beringi iingie kwa mkono bila taabu. Nilimshukuru. Baada ya majuma mawili ringi ya ndani ya beringi ilikuwa inazunguka yenyewe juu ya shafti, imeila hadi imekuwa na kiuno. Kinu kilisimama siku nne. Akina mama waliokuja na debe zao za mahindi walirudi nazo kichwani. Nilikuwa na cheti chenye alama nzuri, na hakuna siku hata moja katika miaka ya masomo yangu niliyowahi kuivalisha beringi shafti kwa mikono yangu. Niliyaona makosa yangu kwenye nyuso za wale akina mama, na sijayasahau.

Kwa hiyo nilisogea karibu. Fundi alikereza hadi karibu na kipimo, akazima mashine, akatoa kwenye kopo la maziwa beringi ya zamani anayoitumia kujaribia. Akaisogeza kwenye mdomo wa shafti. Ikagoma. Akapitisha msasa, mashine ikizunguka taratibu, akajaribu tena. Ikaingia mdomo tu, ikagoma. “Hapo,” akasema, akamwachia binti apime. Maikromita ya fundi hufungwa kwenye kitambaa cha flana ndani ya soksi, na ndicho kifaa pekee katika karakana ile kisicho na alama ya oili. Binti akasoma mara tatu: 30.01.

Katika kaunta buku amenakili jedwali la chuo. Kwa shafti inayozunguka ya ukubwa huo, linataka unene uzidi 30 kwa sehemu kati ya 2 na 15 za elfu moja ya milimita. Fundi alikuwa kwenye 10. Jedwali lile hakuwa amewahi kuliona, na alipoonyeshwa aliliangalia kwa muda mrefu, akaomba anakiliwe kwenye karatasi kubwa libandikwe ukutani. Limebandikwa.

Nisije nikaeleweka kwamba mtaa unajua kila kitu na chuo hakina kitu. Ilipofika zamu ya puli, fundi kwa mazoea yake angenunua mbili tatu na kujaribu mpaka mashine ipukuchue bila kuvunja punje. Binti akapiga hesabu hapohapo juu ya bati kwa chaki. Mota inazunguka mara 1,440 kwa dakika, ina puli ya milimita 75, wanataka ngoma izunguke kama mara 600. Puli ya ngoma iwe milimita 180. Kijana mmoja akatumwa dukani kununua moja tu. Fundi alitikisa kichwa, akasema pesa ya puli mbili ni chakula cha siku mbili.

Kisha ikaja kazi niliyoisubiri. Karai la oili likawekwa juu ya jiko la mkaa. Binti akachuchumaa, akaitumbukiza beringi ikiwa imening’inia kwenye waya, isiguse chini. Nikamuuliza kwa nini asiiache ikae. “Chini ndiko kunakowaka zaidi, mjomba, na uchafu wote umetuama huko. Ikikaa, upande mmoja utaungua na mchanga utaingia kwenye gololi.” Akangoja. Baada ya muda akaiinua, akaigusisha kitambaa kibichi. Maji yakalia na kukauka. Imefika nyuzi mia, au imezidi kidogo tu. Haitakiwi kupita sana hapo, chuma cha beringi kisije kikalegea.

Hesabu yake ilikuwa imeandikwa tayari. Chuma hutanuka sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja. Tundu ni milimita 30, joto limepanda kwa nyuzi 70. Jibu ni sehemu 25 za elfu moja ya milimita, takriban theluthi ya unene wa unywele. Shafti imezidi kwa 10. Inabaki nafasi ya 15, nayo itadumu kwa sekunde chache tu.

Akavaa glavu, akaipeleka. Beringi iliteleza kwenye shafti kama pete kidoleni, ikafika begani, ikagonga kwa sauti ndogo. Akaanza kuiachia.

“Ishikilie!” fundi akapaza sauti. “Ibane begani. Hesabu ishirini.”

Akaibana, akahesabu kwa sauti. Ikipoa ikiwa huru hurudi nyuma ikaacha mwanya, na mwanya huo huonekana mashine ikishafungwa. Alipofika kumi na tano, uso wake ulibadilika. “Imeshika,” akasema. Alikuwa ameisikia chini ya vidole ikikaza. Hesabu ile ya sehemu 25 aliijua tangu Alhamisi. Kukaza kule hakuna ukurasa unaoweza kumpa, na nina hakika akiwa mhandisi wa miaka hamsini bado atakumbuka ulivyohisi mkono wake. Ya pili aliivalisha peke yake, bila neno la mtu.

Mama ntilie akaleta wali maharage saa saba. Tukiwa tunakula niliinua macho, nikaona kwenye nguzo karatasi iliyowekwa ndani ya nailoni. Ni cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mamlaka hiyo ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuurasimisha ujuzi wao, na fundi alipimwa akafaulu. Anakijali. Alisimama akakifuta vumbi kwa mgongo wa mkono ili nikisome vizuri.

“Kwa hiyo unaweza kumsainia binti daftari lake la chuo?” nikamuuliza.

Akacheka kwa upole. Binti akalitoa daftari, akafungua. Chini ya kila ukurasa imechapwa: Mhandisi Msimamizi, jina, saini, muhuri wa kampuni. Fundi si mhandisi na hana muhuri. Binti alipomuuliza mratibu wao chuoni, aliambiwa siku za Gerezani haziwezi kuingia kwenye daftari. Zinazoingia ni zile za mafaili.

Hili linaniuma. Penye miti hapana wajenzi. Akihitimu, binti huyu atahitaji miaka mitatu ya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango maalumu wa kuwalea wahitimu katika kipindi hicho. Ni mpango mzuri. Lakini mwenye kuufikia akiwa hajawahi kuona cheche za ekseli anaanza kujifunza akiwa na miaka ishirini na mitano kitu alichotakiwa kukijua kwa kumi na tisa, na kwa gharama ya mashine za watu. Naijua gharama hiyo.

Mafundi hawaombi kuitwa wahadhiri. Wala sisemi kila karakana inafaa: nyingine nilizopita asubuhi ile watu wanachomelea bila miwani, na kumpeleka mwanafunzi huko ni kumhatarisha macho. Lakini chuo kinaweza kutuma mwalimu wake aje, akague usalama, aone kazi, achague karakana kumi, ishirini, na kila fundi aliyechaguliwa alipwe kitu kwa muda wake, kwa sababu dakika anazomfundisha mwanafunzi anazitoa kwenye mkate wake. Serikali imeshampima fundi huyu na kumpa cheti. Kilichobaki ni chuo kukubali kukisoma.

Jioni, ngoma ilipofungwa, fundi aliizungusha kwa kidole kimoja. Ikazunguka kimya, muda mrefu, ikasimama taratibu. Binti aliketi kwenye ndoo niliyokuwa nimekalia mimi, akaandika katika kaunta buku, akampa fundi asome. Fundi alisoma neno kwa neno, akasahihisha mahali pamoja binti alipoandika oili ichemke, kwa kuwa oili haikutakiwa kuchemka, kisha chini ya ukurasa akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, na tarehe.

Nawaomba ninyi mnaosimamia PT katika vyuo vyetu: mnapochapa tena madaftari yale, ongezeni mstari mmoja kwa ajili ya fundi aliyefundisha. Ana cheti, ana saini, na anajua kusoma alichosaini. Binti bado ana wiki tatu, na daftari lake la chuo lina kurasa 15 ambazo hazijagongwa muhuri.